Kituo cha Korogwe ni Mali ya Nani?

Ndugu msomaji, yapo maswali mazito tunayopishana nayo njiani kila siku bila kuyatambua, kwa kuwa yamejificha ndani ya vitu vya kawaida. Swali letu la juma hili limejificha ndani ya stesheni ya gari la moshi. Twauliza hivi: je, watu wana wajibu wowote juu ya jengo la kale ambalo hawakuliomba wala kulichora, na ambalo liliwekwa katika nchi yao na wageni kwa faida ya wageni? Wakiliacha lianguke, wamemkosea mtu? Na kama wamemkosea, ni nani huyo?

Mfano wetu ni kituo cha Korogwe, katika Mkoa wa Tanga. Lakini msomaji wa Tabora, wa Kigoma, wa Dodoma au wa Moshi aweza kuweka jina la stesheni ya kwao mahali pa Korogwe, na hoja isibadilike.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, chini ya kampuni ya Kijerumani. Ilikuwa reli ya kwanza katika nchi hii. Kazi ilikwenda kwa shida. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, kilomita zipatazo 40 tu kutoka baharini, na hapo fedha za kampuni zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi hiyo mikononi mwake, na mwaka 1902 gari la moshi likafika Korogwe. Basi ilichukua miaka tisa kufika kilomita 84 hivi kutoka Tanga. Mwaka 1905 reli ilikuwa Mombo, na mwaka 1911 ilikuwa Moshi, ambako jumla ya safari kutoka Tanga ni kilomita 352. Waingereza ndio walioifikisha Arusha, mwaka 1929. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, ikafunguliwa njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu hadi Mnyusi, karibu na Korogwe, na hivyo reli ya Kaskazini ikaungana na Reli ya Kati.

Kwa muda mrefu Korogwe ilikuwa mlango. Mkonge wa mashamba ya bonde la Pangani ulipita hapo kwenda bandarini. Watu wa Handeni, ambao mji wao hauna reli, walikuwa na Korogwe kuwa stesheni yao ya karibu, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 65. Kisha mambo yakageuka. Bei ya mkonge ilishuka nyuzi za viwandani zilipoenea duniani, na nchi iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960 ikajikuta, mwishoni mwa miaka ya 1990, inatoa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mabasi na malori yakachukua abiria na mizigo. Katika miaka ya 1990 safari za abiria katika reli ya Kaskazini zilikoma, na baadaye hata za mizigo. Majani yakafunika mataruma. Ndipo mwaka 2019, baada ya njia kukarabatiwa, gari la moshi la mizigo na kisha la abiria likapita tena Korogwe kwenda Moshi, na mwaka 2020 likafika Arusha.

Watu wengi walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini kurudi kwa gari la moshi hakukulijibu swali letu. Reli yaweza kutengenezwa na majengo yake yakaachwa. Jengo lililokaa miaka mingi bila mwenyewe haliponi kwa sababu injini imepita mbele yake. Zaidi ya hayo, mambo mapya yanakuja. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ikiwa na vituo vyake vipya. Wenzetu wa Kenya walitangulia: mwaka 2017 reli yao mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa, safari za abiria katika reli ya zamani kati ya miji hiyo zilikoma, na stesheni za kale zikabaki bila wasafiri. Kila nchi inayojenga reli mpya hapana budi ijiulize itafanya nini na ile ya zamani. Afadhali tujiulize sasa, kabla tingatinga halijafika.

Ukiuliza watu kituo cha kale ni mali ya nani, utasikia majibu matatu. Tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza lasema: “Ni kazi ya Wajerumani. Walijenga kwa faida yao, wakaondoka. Kikianguka, hatukupoteza chochote chetu.” Jibu hili lina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuudharau. Reli ya Usambara haikujengwa kwa kumhurumia Mzigua, Mbondei au Msambaa. Ilijengwa ili mazao ya walowezi yafike pwani upesi.

Lakini tuulize zaidi: nani aliyeijenga? Mhandisi alichora kwenye karatasi, na karatasi haikati mwamba. Tuta lilichongwa kwa majembe, na mikono iliyoshika majembe hayo ilikuwa mikono ya wenyeji wa nchi hii na ya wenzao waliotoka mbali, Wanyamwezi wakiwa miongoni mwao. Wengi hawakufika kazini kwa hiari kamili. Kuanzia mwaka 1898 kodi ya nyumba ilimlazimu mtu kutafuta fedha, na kazi ya mzungu ndiyo iliyokuwa njia ya kuzipata. Mwaka 1907, katika wilaya ya Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, uliwekwa utaratibu wa kadi: kila mwanamume alipaswa kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza aliweza kupelekwa kwa nguvu katika kazi za umma. Baadaye, wakati wa Waingereza, wakaja manamba wa mashamba ya mkonge, watu ambao hata jina lao la kazi lilitokana na namba waliyopewa.

Basi kama kitu ni cha aliyekitolea jasho, kituo cha Korogwe hakikuwa cha Wajerumani kamwe. Wao walikuwa na hati, na wengine walikuwa na jasho. Hati ile ilikwisha nguvu zamani. Jasho halikwisha haki yake, kwa maana mwenye jasho hakulipwa sawasawa, na jina lake halikuandikwa popote. Mkuu wa reli ana picha yake katika vitabu, lakini mbeba mawe hana. Ushahidi uliobaki kwamba mtu huyo alipata kuishi na kufanya kazi ni tuta, daraja, ukuta na jukwaa la stesheni. Tukisema, “Liangushwe, ni la mkoloni,” hatumwadhibu mkoloni, ambaye hayupo wala hasikii. Twamnyima mfanyakazi kumbukumbu yake ya mwisho, na hivyo twaongeza dhuluma juu ya dhuluma. Huyo ndiye tunayemkosea.

Yatazame mambo ya Handeni upate kuelewa. Katika Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani walitandika reli nyepesi kutoka Mombo hadi Handeni, ili vifaa viweze kuvushwa kuelekea Reli ya Kati. Haikuwa na injini. Vigari vyake vilisukumwa na watu. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliteka Korogwe na Handeni, na sehemu ya jeshi hilo ilisonga mbele kwa kuifuata reli hiyo hiyo. Nyuma ya kila jeshi walikuwa wapagazi, maelfu kwa maelfu, wakibeba vyakula na risasi za vita visivyokuwa vyao, na wengi hawakurudi makwao. Je, ni vijana wangapi wa Handeni leo wanaojua kwamba babu zao walisukuma vigari vya vita katika nchi yao wenyewe? Hatuwalaumu. Mtoto hawezi kuuliza juu ya kitu asichokiona. Palipo na stesheni, mtoto huuliza, “Nani alijenga hapa?” na mzee hupata nafasi ya kujibu. Pasipo na kitu, hakuna swali, na mzee huondoka na jibu lake.

Wengine watasema kwamba mahali pa mateso hapafai kuhifadhiwa. Twaona kinyume chake. Gereza la kisiwa cha Robben, kule Afrika Kusini, liliwatesa wapigania uhuru kwa miaka mingi. Wapigania uhuru hao walipoingia madarakani hawakulibomoa; walilifanya makumbusho mwaka 1997, na mwaka 1999 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hawakufanya hivyo kwa kuwatukuza askari jela. Walifanya hivyo ili pasitokee mtu wa kusema kwamba mambo yale hayakuwapo.

Jibu la pili lasema: “Kituo ni mali ya Serikali, ni mali ya Shirika. Wao na waangalie.” Ni kweli kwamba hati iko kwao, na wajibu wa kwanza uko kwao. Tangu mwaka 1964 tunayo Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo yampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo lenye historia kuwa kumbukumbu ya taifa inayolindwa. Wenye mamlaka hawawezi kusema kwamba hawana chombo cha kufanyia kazi.

Lakini hatari ya jibu hili ni kwamba limekuwa kimbilio la kila mmoja wetu. Neno “mali ya umma” lilikusudiwa kuwa na maana ya “mali yetu sote.” Sisi tumeligeuza likawa na maana ya “mali isiyo na mwenyewe.” Bati likining’inia, twasema Serikali haioni. Bati hilo hilo likichukuliwa usiku na mtu tunayemjua, twanyamaza. Taruma la chuma likiuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, yuko muuzaji, yuko mnunuzi, na wako majirani waliosikia nyundo. Watu wote hao si Serikali. Mzazi anayemkataza mtoto kugusa embe la jirani, kisha akapokea nyumbani mlango uliong’olewa stesheni, amemfundisha mtoto huyo kwamba wizi ni kosa pale tu mwenye mali anapoweza kukuona.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo lasema: “Sisi ni maskini. Zahanati haina dawa, shule haina madawati, visima vya Handeni hukauka. Mtatuambiaje tutoe fedha kwa ajili ya kuta kuukuu?” Mtu asemaye hivi hana moyo mbaya. Mtu aliye hai ana haki mbele ya ukuta, na kama pangekuwa na shilingi moja tu, na mtoto mmoja mgonjwa, tusingebishana hata kidogo.

Walakini, mara nyingi uchaguzi haupo hivyo. Fedha isiyotumika kuziba paa la stesheni haiendi moja kwa moja kununua dawa. Na jengo likianguka kwa kukosa matunzo, siku moja ofisi, ghala au darasa litahitajika mahali pale pale, nalo litajengwa kwa gharama kubwa kuliko ile ya kuziba paa. Wazee walisema, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Maskini ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kutupa nyumba iliyokwisha kujengwa.

Tena hatusemi kwamba jengo la kale lihifadhiwe kama pambo la kutazamwa. Nyumba huishi kwa kuwa na kazi. Mfano uko karibu. Zamani tawi dogo la reli nyembamba lilitoka Tengeni, upande wa Muheza, likaenda Sigi chini ya milima ya Usambara Mashariki kwa ajili ya mbao. Tawi hilo halipo tena. Lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ipo. Ilikarabatiwa ikawa nyumba ya kupokelea wageni wanaokuja kuutazama msitu wa hifadhi ya Amani. Haina gari la moshi, lakini ina kazi, na kwa sababu ina kazi kuna mtu anayefagia sakafu yake na kutazama paa lake. Kule Paris, stesheni ya Orsay, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilipitwa na wakati kwa kuwa majukwaa yake yalikuwa mafupi kwa treni mpya. Mwaka 1986 ikafunguliwa tena ikiwa makumbusho ya sanaa. Kati ya Sigi na Paris kuna tofauti kubwa ya fedha, lakini kanuni ni ile ile: kwanza tafuta kazi, na matunzo yatafuata.

Hatudai kwamba kila kitu cha zamani kibaki. Nchi inayohifadhi kila kitu haina mahali pa kuishi. Reli ya Kusini, iliyojengwa baada ya mwaka 1947 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake viking’olewa, kwa kuwa mizigo iliyotarajiwa haikupatikana. Reli ndogo ya Bububu, kule Unguja, ilianza mwaka 1905 na ilikwisha kufungwa katika miaka ya 1920, motokaa zilipoingia. Si lazima tuzililie. Lakini kitu kikiondolewa, na kiondolewe kwa kuamuliwa, baada ya watu kuulizwa na habari zake kuandikwa. Kisiondoke kwa kusahauliwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Watu wa New York waliibomoa stesheni yao kubwa ya Pennsylvania kuanzia mwaka 1963, kisha wakajuta, na mwaka 1965 mji wao ukatunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Sheria hiyo iliokoa majengo mengine. Ile stesheni haikurudi.

Basi nini kifanyike? Wenye hati, yaani Shirika la Reli na Serikali, wafanye daftari la stesheni za kale, moja moja, na kutamka wazi ipi itaendelea kupokea abiria, ipi yaweza kukabidhiwa kwa halmashauri, shule au ushirika kwa kazi nyingine, na ipi yapaswa kulindwa kwa sheria. Halmashauri za Korogwe na Handeni zisingoje kuulizwa. Anayetaka kitu hutangulia kukiomba.

Na pale patakapohifadhiwa, pawekwe maandishi ya kweli. Yasiseme tu kwamba reli ilifika Korogwe mwaka 1902 chini ya serikali ya Kijerumani. Yaseme pia habari za kodi, za kadi na za siku 30. Yawataje wajenzi, wapagazi na manamba, hata kama majina yao hayakuandikwa. Kuta zilizohifadhiwa pamoja na uongo hazina faida kubwa kuliko kuta zilizoanguka.

Lakini kazi ya kwanza haingoji bajeti. Bado wako wazee waliofanya kazi relini: wapiga ishara, mafundi wa njia, makarani wa tiketi, wapakiaji wa mkonge. Wako kina mama waliouza chakula dirishani mwa mabehewa na kusomesha watoto kwa fedha hiyo. Ndugu msomaji, kama mmoja wao yuko nyumbani kwako, mkalishe pamoja na watoto jioni moja, mwulize, na mmoja wa watoto aandike katika daftari. Mwalimu aliye karibu na stesheni awapeleke wanafunzi wake wakaipime, waichore, na waulize nani alichimba tuta. Na yeyote atakayeletewa chuma cha reli akinunue kwa bei rahisi, akatae, amwambie mletaji kwamba chuma hicho kina wenyewe.

Wenyewe hao ni wengi, na sehemu kubwa yao wamekwisha kufa. Hawawezi kuja kudai. Kwa sababu hiyo deni lao ni rahisi kuliko madeni yote kulikwepa, na mtu mwaminifu hujulikana kwa namna anavyolipa deni la asiyeweza kumdai.